Kipima muda kinawaonea watoto hawa

Nimesoma makala inayosema michezo ya kwenye tableti inawafanya watoto wenye ulemavu wapende kusoma na kuhesabu. Ni kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Ila mwandishi amepita haraka mno kwenye suala la kipima muda, ile saa ya ndani ya mchezo inayohesabu muda wa kujibu.

Mpwa wangu ana mtindio wa ubongo, hali inayofanya iwe vigumu kuuongoza mwili. Swali linatokea, tatu jumlisha nne, na jibu analijua. Unaona kabisa macho yameshatua kwenye saba. Mkono ndio unaochelewa. Unanyanyuka, unatetemeka, unapita pembeni, unarudi. Kabla kidole hakijagusa kioo, kengele inalia na nyota inazimika. Amehesabiwa kosa ambalo hakulifanya! Tulipopata programu inayokubali kuzima muda, pamoja na kitufe kimoja kikubwa cha kubonyeza kwa kiganja, alijibu maswali kumi mfululizo na kudai mengine.

Ndugu zangu mnaotengeneza michezo hii, wekeni nafasi ya kuzima muda. Maelezo ya sauti yawe pia na maandishi au lugha ya alama, na rangi peke yake isiwe ndiyo dalili ya jibu sahihi. Baadhi ya watoto wenye usonji (autism) huumizwa na zile kelele za pongezi, kwa hiyo ziweze kupunguzwa. Watoto hawa si wachache: mwaka 2021 UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, ilikadiria watoto wenye ulemavu duniani kuwa karibu milioni 240. Tafadhali, waiteni watoto hawa waucheze mchezo wenu kabla haujatoka, na mkae kimya mkiwatazama mikono.