Unakunywa kolajeni, losheni umeiacha nyumbani

Tangazo limezagaa tena: koroga unga wa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, kwenye maji, baada ya siku 14 uso umerudi ujanani. Hongera kwa muuzaji. Tumbo halijui kwamba ulikusudia mashavu. Linaimeng'enya kama protini nyingine yoyote. Haya, zipo tafiti zinazoonyesha ngozi ikipata unyevu kidogo, ila nyingi zimelipiwa na watengenezaji wenyewe.

Ulaghai huu ni mkongwe. Mwaka 1889 Brown-Séquard, daktari msomi wa miaka 72, alijidunga majimaji ya korodani za mbwa akatangaza nguvu zimemrudia. Miaka mitano baadaye alikuwa kaburini. Na zebaki, ambayo wafalme wa China waliimeza wakitafuta kuishi milele, leo imo kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha. Kopo likikuonya usiigusishe na dhahabu wala fedha, usiipake.

Kinachozeesha uso kuliko vyote, ukiacha miaka yenyewe, ni jua. Miale yake isiyoonekana iitwayo UVA hupita mawinguni na kwenye kioo cha dirisha, ikaingia ndani ya ngozi na kuivunja kolajeni hiyo hiyo unayoinywa! Dawa yake ni losheni ya kukinga jua yenye SPF (namba ya kiwango cha kinga) 30 au zaidi, na chupa iwe inataja UVA. Lakini namba ya kwenye chupa hupimwa kwa miligramu 2 kila sentimita ya mraba, na wengi hupaka nusu ya hapo, au chini zaidi. Kwa uso na shingo, jaza mstari mmoja wa losheni kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, toka shinani hadi nchani. Paka robo saa kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili ukiwa juani, na kila ukijifuta jasho. Masikio je? Kisogo? Migongo ya mikono?

"Mimi mweusi, sihitaji." Kweli, melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inakinga na makunyanzi huchelewa. Madoa hayachelewi. Tafuta losheni yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma: huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa, wala haikuachi na weupe wa majivu.

Tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, nayo inafanya kazi: asilimia 0.025, kiasi cha punje ya njegere, usiku, ngozi ikiwa kavu, mwanzoni siku moja moja kwa kuruka. Mjamzito asiiguse. Ngozi itabanduka wiki za mwanzo, na hapo ndipo wengi huitupa, wakati matokeo yanataka miezi.

Sigara? Usiniulize.