Mbwa Asiyecheza Hawezi Kutulinda

Juzi nilipita nyuma ya magodauni ya tumbaku, upande wa reli hapa Tabora, nikamkuta mlinzi wa kampuni moja ya ulinzi akimchapa mbwa kijana kwa mkanda. Kosa la mbwa huyo lilikuwa kwamba ameokota ndala iliyokatika, akaitikisa kwa meno, akaja kuilaza mbele ya miguu ya mlinzi, kisha akainamisha kifua hadi chini huku ameinua kiuno na mkia unakwenda huku na huku. Nilipouliza, nilijibiwa kwa utulivu kabisa kwamba mbwa wa kazi haachwi acheze, kwa sababu mbwa anayecheza huzoea watu na hatamuuma mwizi. Aliyenijibu hakuwa mtu mkatili. Alikuwa anarudia alichofundishwa, na hicho ndicho kinachoaminiwa Isevya, Ipuli, Cheyo na kila mahali penye geti lililoandikwa "Mbwa Mkali". Naandika kwa uchungu kwa sababu imani hiyo inawatesa wanyama, inawaumiza watoto wetu, na hata usalama tunaoutafuta haiuleti.

Sote tunajua mbwa mkali anavyotengenezwa mitaani kwetu. Anachukuliwa akiwa na miezi miwili, anafungiwa katika banda la mabanzi lisilopitisha mwanga wa kutosha, na haoni binadamu isipokuwa yule anayemsogezea ugali na dagaa. Wengine humlisha pilipili, wengine nyigu, wengine bangi, na wapo wanaowaita vijana wapige banda kwa fimbo ili mnyama azidi kuchukia watu. Baada ya mwaka mmoja hubweka kwa kila kinachopita, naye mwenye nyumba hufurahi.

Jirani yangu alikuwa na mbwa wa namna hiyo, dume kubwa lenye damu ya German Shepherd, ambaye mchana kutwa alitikisa banda lake kwa hasira hadi wapita njia wakahamia upande wa pili wa barabara. Usiku mmoja wezi waliingia kupitia nyuma ya jiko, wakang'oa bati, bati likaanguka juu ya sakafu kwa kishindo. Mbwa alikuwa amefunguliwa. Walipoondoka na televisheni na mitungi miwili ya gesi, alipatikana amejibanza nyuma ya pipa la maji, mkia umebanwa katikati ya miguu, mkojo umetapakaa chini yake. Asubuhi yake alimuuma kijana anayeleta maziwa, tena kwa nyuma, kwenye kisigino, wakati kijana amekwisha kugeuka kuondoka.

Hakuna muujiza hapo. Mbwa yule alikuwa mwoga tangu mwanzo, na kelele zake zote zilikuwa za woga. Ukitaka kumjua mbwa wa hivyo, acha kusikiliza sauti yake, utazame mwili. Uzito wake wote uko kwenye miguu ya nyuma, masikio yamelala, nywele za mgongoni zimesimama kuanzia shingoni hadi mkiani. Hubweka hatua mbili mbele, hatua tatu nyuma, na huuma pale tu anapoona mgongo wako. Mbwa mwenye moyo huja mbele akiwa kimya au akibweka kwa sauti nzito isiyopanda, masikio yamesimama, anakutazama, na ukipiga chuma chini anashtuka mara moja kisha anarudi kutazama kimetokea nini. Uwezo huo wa kushtuka na kurudi ndio ujasiri. Haulishwi kwa pilipili.

Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor nchini Marekani na kutoa matokeo yao mwaka 1965, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa huuzoea ulimwengu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 12. Katika kituo hicho hicho ilionekana kwamba watoto wa mbwa waliokaa bila kuguswa na watu hadi wiki ya 14 walikuwa waoga kama wanyama wa porini, na kuwafundisha lilikuwa jambo gumu mno. Hizo ndizo wiki ambazo sisi tunazitumia kumweka mnyama gizani.

Nakubali, ingawa wenzangu huitumia hoja hii kukwepa wajibu, kwamba damu nayo ina sehemu yake. Septemba mwaka 1924 mto Neva ulifurika Leningrad nchini Urusi na maji yakaingia katika vizimba vya mbwa wa Ivan Pavlov, mtaalamu aliyechunguza jinsi mbwa wanavyojifunza, nao wakaokolewa kwa shida. Baadhi yao walipoteza mafunzo waliyokuwa wameyapata kwa muda mrefu, na wengine walirudi kazini karibu kama kawaida, ingawa wote walipatwa na maji yale yale. Kwa hiyo, ndiyo, wapo mbwa waliozaliwa na moyo mwepesi, na mtu anayechagua mbwa wa kulinda achague kwa makini. Lakini hata aliyezaliwa na moyo mzito unaweza kumvunja, na banda la giza humvunja.

Sasa mchezo. Chukua kipande cha gunia kuukuu au mpira wa ndani wa baiskeli, ukiburuze chini kwa mikato ya ghafla mbele ya mtoto wa mbwa. Atakifuata, atakidaka, nanyi mtavutana. Katika kuvutana huko anajifunza mambo ambayo mkanda hauwezi kumfundisha kamwe. Anajifunza kuuma kwa kinywa kizima na kung'ang'ania, badala ya kudonoa kwa meno ya mbele na kukimbia. Anajifunza kwamba mkono unaopita juu ya kichwa chake, mguu unaokanyaga kando yake na sauti inayopandishwa si mambo ya kukimbiwa, kwa kuwa yote hayo yametokea akiwa katika furaha, naye mara nyingi ameshinda. Ni muhimu aachiwe ashinde. Mbwa anayenyang'anywa gunia kila mara hukata tamaa. Kisha anajifunza jambo kubwa kuliko yote, yaani kuachia kwa neno moja akiwa katikati ya msisimko, kwa sababu amegundua kwamba akiachia mchezo unaanza upya. Mbwa asiyejua kuachia ni hatari kwa mwenye nyumba mwenyewe.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Waende vijijini Uyui au Sikonge wakati mahindi yanakaribia kukomaa. Huko vijana hulinda mashamba dhidi ya nyani na ngedere wakiwa na mbwa wetu wa kienyeji, wembamba, wa rangi ya udongo, wasiofika hata magotini kwa mtu mrefu. Nyani dume ana meno ya kutisha na mbwa mmoja hamwezi kwa nguvu. Nimewatazama mbwa hao wakifanya kazi: mmoja anajitupa mbele na kujipindua kabla hajafikiwa, mwingine anaingia kwa ubavu, wa tatu anabweka kutoka nyuma, hadi nyani anaona heri arudi msituni. Wepesi huo wameupata wapi? Wamekua wakifukuzana wao kwa wao uwanjani, wakiangushana na kubadilishana zamu ya kufukuza na kufukuzwa, na wakikimbizana na watoto wa nyumba hiyo siku nzima. Hakuna aliyewafungia wala kuwalisha nyigu. Wazee wetu waliliona hilo kwa macho, na sisi wa mjini tumelisahau mara tu tulipojenga ukuta.

Hata wepesi wa mwili wenyewe unafundishika. Mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts huko London, yalionyeshwa kwa mara ya kwanza mashindano ya mbwa kuruka vizuizi, yaliyoigwa kutoka kwenye mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Chombo kinachonivutia zaidi katika mchezo huo ni ubao wa pembea: mbwa anapanda upande mmoja, anafika katikati, ubao unamgeukia chini ya miguu na kugonga ardhi, naye anatakiwa asiruke. Ubao kama huo fundi seremala yeyote wa Tabora anaweza kuutengeneza kwa mbao moja na gogo. Uwekwe chini sana mwanzoni, na mbwa asirukishwe juu kabla mifupa yake haijakomaa. Jirani yangu angekuwa na ubao huo, kishindo cha bati kisingemkimbiza mbwa wake.

Mbwa wanaonusa pembe za ndovu, wanaofunzwa Usa River karibu na Arusha, hufanya kazi kwa matumaini ya kupewa mpira wao. Hawaoni mizigo ya magendo, wanautafuta mchezo.

Mbwa anayetoka bandani lazima achanjwe kichaa cha mbwa, na kwa walio karibu na mapori yenye ndorobo, wadudu wanaoambukiza mbwa malale, akaguliwe na daktari wa mifugo kila macho yake yanapoonyesha ukungu. Hilo halina mjadala.

Kwa wenye kampuni za ulinzi nina ombi moja ambalo halihitaji fedha nyingi. Mlinzi anayekabidhiwa mbwa aachiwe mbwa huyo huyo, asibadilishiwe kila mwezi, na nusu saa ya kwanza ya zamu iwe ya gunia na mpira kabla ya lindo kuanza. Mkanda ubaki kiunoni. Na yule mbwa kijana mwenye ndala, kama bado yuko pale kwenye magodauni, apewe mtu mwingine wa kumshika wiki hii hii, kwa sababu bado anawaletea watu vitu, na mbwa aliyechapwa kwa kosa hilo hataendelea kuleta kwa muda mrefu.