Kuirudisha simu ya 5G kwenye 3G: lini ni dawa, lini ni hasara

Ukipeleka simu kwa fundi Luthuli Avenue, Nairobi, ukimwambia kwamba watu wanakupigia wanaambiwa uko mteja, yaani hupatikani, au kwamba chaji inaisha kabla ya saa kumi jioni, kuna uwezekano mkubwa atakujibu hivi kabla hata hajaishika: "Irudishe 3G." Mara nyingi tatizo huisha kweli. Ndiyo sababu ubishi hauishi. Upande mmoja unasema kuifunga simu ya 5G kwenye 3G ni kutupa pesa, upande wa pili unaapa kwamba haurudi 4G ng'o. Shida ni kwamba kila upande unaongelea ugonjwa wake. Ushauri wa fundi ni mzuri kwa simu za sauti, una ukweli nusu kwenye chaji na bando, na kwenye usalama wa pesa zako ni ushauri mbaya.

Tuanze na sauti, maana hapo ndipo wanaotetea 3G wana hoja nzito. Mitandao ya 2G na 3G ina njia maalumu iliyotengwa kwa maongezi. 4G haina, ilijengwa kwa data peke yake. Kwa hiyo simu iliyotulia kwenye 4G ina namna mbili za kupokea mtu akipiga. Ya kwanza ni VoLTE, ambapo sauti inasafiri kama data ndani ya 4G yenyewe. Ya pili ni kushushwa: mnara unaiamuru simu ihamie 3G au 2G, maongezi yafanyike huko, kisha irudi. Kujua yako inatumia ipi, mwambie mtu akupigie huku ukitazama alama ya mtandao. Ikigeuka kutoka 4G kuwa H+ au 3G (zote ni 3G) au E (hiyo ni 2G) kabla mlio haujaanza, umeshushwa. Kushushwa huko huchukua sekunde kadhaa, na data nayo hushuka pamoja na sauti.

Kushushwa kunafaulu tu kama pale ulipo pana 3G au 2G inayoshika. Chukua ploti za mtaa wa Pipeline, ghorofa juu ya ghorofa, dirisha likitazamana na ukuta wa jirani. 4G ya masafa ya 800 MHz hupenya kuta vizuri kuliko 3G ya 2100 MHz. Unaweza basi kukaa chumba cha nyuma ukiona mistari mitatu ya 4G, WhatsApp inaingia bila tatizo, na bado anayekupigia anaambiwa mteja hapatikani, kwa kuwa simu yako ilipoamriwa kushuka haikupata pa kutua. Hukusikia chochote. Ukichagua "3G/2G", simu inakaa huko huko muda wote, inajichagulia mnara unaoshika zaidi, hata kama ni wa 2G, na mlio unafika moja kwa moja.

Mkasa huohuo huwapata watumiaji wa M-PESA kwa *334#. Huduma za nyota na reli pia hupitia njia ya zamani kwenye simu isiyo na VoLTE, na kushuka kukigoma ndipo unapoona ule ujumbe wa "MMI code" ambao haujawahi kumsaidia mtu yeyote. SMS, kinyume chake, hupita bila kushushwa, ndiyo maana nambari ya siri ya benki inaingia vizuri huku simu zikikataa.

Hadi hapo fundi ameshinda. Lakini ugonjwa wenyewe ni kukosekana kwa VoLTE, wala si ubaya wa 4G. Ikiwashwa, hakuna kushushwa, simu inaita haraka, na sauti inakuwa pana: mfumo wa kawaida wa zamani hubeba takriban 300 hadi 3400 Hz, VoLTE hufika karibu 7000 Hz, tofauti unayoisikia mara moja kwenye herufi kama s na f. Kabla ya kuirudisha simu nyuma, fungua mipangilio ya laini utafute swichi iliyoandikwa "VoLTE" au "4G Calling". Iwashe, zima simu uiwashe tena, kisha jaribu. Alama ikibaki 4G ukiwa kwenye maongezi, umemaliza kazi na huna haja ya 3G.

Swichi isipokuwepo kabisa, mara nyingi simu ni ya kutoka nje, zile zinazouzwa kama ex-UK au za Marekani. Kifaa chenyewe kinaweza VoLTE, ila hakijabeba mipangilio ya kampuni za simu za Kenya, kwa hiyo sehemu hiyo imefichwa. Baadhi ya simu zilizotengenezewa soko la Marekani hazina hata masafa ya 800 MHz, hivyo 4G inashika barabarani na kupotea ukiingia ndani. Kwa mwenye simu kama hiyo, "3G/2G" si uzembe. Ndiyo njia ya kupatikana.

Sasa chaji. Watu wengi wanaamini 2G inatumia umeme kidogo kwa kuwa ni ya zamani. Ukitazama nguvu ya kurusha, simu ya 2G kwenye masafa ya 900 MHz inaruhusiwa kufika wati 2, ya 4G kwa kawaida wati 0.2. Ni kweli kwamba 2G hurusha kwa vipande, sehemu moja ya muda kati ya nane, hivyo wastani wake hushuka hadi robo wati hivi wakati wa maongezi. Vipande hivyo ndivyo vinavyosababisha ule mkwaruzo wa trr-trr kwenye spika za matatu sekunde chache kabla simu ya dereva haijaita. Kwa hiyo wastani hautofautiani sana, na simu ikiwa imetulia mfukoni tofauti ni ndogo zaidi.

Kinachokula chaji ni mawimbi dhaifu na kuhamahama. Simu ya 5G iliyo pembezoni mwa eneo la mnara hutafuta 5G, inapata kidogo, inapoteza, inarudi 4G, inatafuta tena. Isitoshe, 5G nyingi imeegemezwa juu ya 4G, kwa hiyo simu hushikilia mitandao miwili kwa wakati mmoja. Hapa kushuka ngazi moja tu, kutoka 5G hadi 4G, hukupa sehemu kubwa ya nafuu unayoitafuta. Kutoka 4G hadi 3G kunaongeza kidogo sana, na kunaweza kukugeukia. Fanya hesabu ya faili la MB 100. Kwenye 4G inayotoa Mbps 30, linashuka kwa sekunde 27 hivi na redio inalala. Kwenye 3G ya Mbps 3 ni dakika nne na nusu. Kwenye 2G ya kbps 150 ni takriban saa moja na nusu, redio ikiwa macho muda wote huo. Anayetumia data nyingi akiwa 3G anachoma chaji zaidi. Asiyetumia data, anayengoja kupigiwa tu katika nyumba ambayo 4G ni dhaifu, yeye ndiye anayefaidi.

Kuhusu bando tusipoteze muda mwingi. MB 100 ni MB 100 kwenye mtandao wowote. 4G "inakula" kwa sababu YouTube na TikTok zikiona kasi zinapandisha ubora wa picha zenyewe, na 3G ikizibana zinaushusha. Weka ubora wa video kuwa 360p ndani ya programu, zima upakuaji wa otomatiki wa WhatsApp kwa data ya simu, uzuie programu kujisasisha bila Wi-Fi. Kubana bando kwa kupunguza mtandao mzima ni kufunga duka ili mtoto asile peremende: programu ya benki nayo itagota katikati ya malipo.

Kuna hoja moja ya 3G ambayo wapinzani wake huidharau bila haki: msongamano. Saa mbili usiku mitaa kama Umoja na Kayole watu wamerudi nyumbani, wote wako 4G, na 3G inaweza kuwa na nafasi zaidi. Hilo hutokea. Lakini 3G ina tabia yake ya kiufundi: watumiaji wakiongezeka, eneo ambalo mnara unalifikia husinyaa, kwa hiyo aliye mbali anakatika hata kama mchana alikuwa sawa. Pia kampuni za simu duniani zimekuwa zikichukua masafa ya 3G na kuyapa 4G, na kilichobaki kinabana. Ukipima 3G saa nane mchana, bado hujajua lolote kuhusu usiku. Pima saa ileile inayokusumbua.

Na usipime kwa mistari. Nenda "About phone", kisha "SIM status", usome "Signal strength" kwa dBm. Nambari iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo nzuri. Kwenye 4G, -85 ni nzuri, -105 bado inafanya kazi, ukifika -118 unaning'inia. Onyo: usilinganishe nambari hizo na za 2G au 3G. 4G hupima nguvu ya kipande chembamba tu cha mawimbi, 2G hupima mkondo wake mzima, kwa hiyo -105 inayobeba data vizuri kwenye 4G ingekuwa karibu na kaburi kwenye 2G. Ndiyo sababu mtu akihamia 2G na kuona mistari imejaa hudhani amepata mtandao bora. Amebadilisha rula.

Usalama ndipo tunapotofautiana kabisa na fundi. Kwenye 2G simu hujitambulisha kwa mnara, lakini mnara haujitambulishi kwa simu. Yeyote mwenye kifaa cha kujifanya mnara anaweza kuvuta simu zilizo jirani. 3G na mitandao iliyofuata ilirekebisha hilo kwa kudai pande zote mbili zijithibitishe. Usimbaji wa A5/1, yaani namna ya kuficha maongezi yasisikilizwe, uliotumika sana kwenye 2G, ulionyeshwa hadharani mwaka 2009 kwamba unavunjika. Mwaka 2024 polisi wa jiji la London walikamata watu kwa kesi ya mnara wa kujitengenezea uliotumika kumwaga SMS za ulaghai. SMS za namna hiyo hazipiti kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kwa hiyo vichujio vyake havizioni, na mtumaji anaandika jina lolote alitakalo. Ujumbe wenye jina la MPESA unaweza kukaa kwenye orodha ileile na ujumbe wako halisi. Katika mji ambao kodi ya nyumba, nauli na sukuma wiki vinalipwa kwa simu, kuifunga simu kwenye "2G tu" kwa ajili ya kuokoa chaji hakutetewi na hoja yoyote.

Kumbuka kwamba "3G/2G" inaacha mlango wa 2G wazi pia. Simu yako ikiwa na chaguo la "3G only" na 3G inashika, hilo ni bora. Simu nyingi za Android 12 na kuendelea, si zote, zina swichi ya "Allow 2G" ndani ya mipangilio ya laini, na kwenye iPhone zenye iOS 17 "Lockdown Mode" huzima 2G. Bei yake ni kwamba ukitoka nje ya mji mahali penye 2G peke yake, uko mteja hadi uiwashe.

Kubadilisha kwenyewe ni rahisi. Samsung: "Connections", "Mobile networks", "Network mode". Tecno, Infinix na nyingi nyingine: mipangilio ya laini, kisha "Preferred network type". iPhone: mipangilio ya data ya simu, "Voice & Data", ingawa kinachoonekana hapo hutegemea modeli na laini. Simu ya laini mbili huwa na chaguo hili kwa kila laini, na wengi hubadilisha laini ya data wakati inayosumbua kwa kupigiwa ni ile nyingine. Baadaye washa hali ya ndege sekunde kumi, uizime, simu ijisajili upya.

Kuna pia menyu ya *#*#4636#*#*, ambayo fundi huipenda. Ndani yake mna "LTE only" (4G tu), "WCDMA only" (3G tu) na "GSM only" (2G tu). Inafaa kwa kupima, haifai kuachwa hivyo. Ukichagua "LTE only" bila VoLTE, intaneti itakwenda vizuri na hutapiga wala kupigiwa, na baadhi ya simu hurudi zilikokuwa zikizimwa na kuwashwa, ukabaki ukilaumu mtandao.

Mwenye Wi-Fi nyumbani ana mpangilio mmoja ambao pande zote mbili zinapaswa kuukubali: data ipite Wi-Fi, laini ikae "3G/2G" kwa ajili ya simu za sauti, na akitoka kwenda kazini asubuhi airudishe 4G. Anayejijua kuwa msahaulifu aangalie kwanza kama simu yake ina swichi ya "Wi-Fi Calling" na kama laini yake inaikubali, kwa sababu hiyo hupokea simu za sauti ndani ya chumba kisichoshika mnara wowote bila kugusa chaguo la mtandao.

Kwa anayenunua simu sasa, ombi moja dukani linatosha. Weka laini yako mwenyewe, si ya muuzaji, piga simu ukiwa ndani ya duka, na utazame alama ya mtandao wakati wa maongezi. Marekani kampuni kubwa zilizima 3G mwaka 2022, Uingereza zikafuata, na Afrika Kusini ilitangaza mwisho wa 2027 kuwa ukomo wa 2G na 3G. Kenya ina kabambe (simu ndogo za vitufe) nyingi, mashine za malipo na vifaa vya kufuatilia magari vinavyotegemea 2G, kwa hiyo inayoelekea kubanwa mapema ni 3G, na simu isiyo na VoLTE itabaki ikishushwa hadi kwenye mtandao uleule wenye mlango wazi.