Shaba isiyo na uso, chini ya miti ya Mkunguni

Katika bustani ya Grange Park, Toronto, ipo kazi ya mchongaji Mwingereza Henry Moore iitwayo Large Two Forms: mapande mawili makubwa ya shaba iliyochanganywa na bati, yenye matundu ambayo mtoto hupenya akatokea upande wa pili. Hayana kichwa wala mkono. Nilipoyazunguka yalikuwa yakinigeukia: mara nyonga, mara mwamba uliotobolewa na mawimbi, mara watu wawili wanaoelekeana. Nikaweka kiganja. Kwingine shaba imefifia, lakini pale watoto wanapoteleza inang'aa kama sinia lililosuguliwa kwa ukwaju.

Niliporudi Lamu niliyasimulia haya barazani Mkunguni, mbele ya ngome, nikauliza kama kitu cha aina hiyo kingetufaa hapa.

"Mwanangu, sisi hatuweki masanamu," mzee mmoja akasema. Nikamjibu kwamba ile haina sura ya kiumbe. Akanishika papo hapo: "Si umesema umeona watu wawili?"

Alinipata, na hoja yake naiheshimu. Hata hivyo, naona neno sanamu ndilo linalotufunga, kwa sababu linaleta fikra ya kinachoabudiwa kabla hatujakitazama chenyewe. Macho huona watu hata mawinguni. Na mji huu umeishi karne nyingi na sanaa isiyo na nyuso: nakshi za milango, zidaka za chokaa. Hata kusubu shaba si jambo geni kwetu. Siwa ya Lamu, baragumu kubwa iliyokuwa ikipulizwa kwenye harusi za watu wakubwa, ni ya shaba, na iko makumbusho pamoja na ile ya Pate ya pembe ya ndovu. Sasa hutazamwa tu, haiguswi, na hilo huniuma kila niingiapo.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jua. Saa saba mchana wakati wa kaskazi, shaba ingemchoma mtu mkono, ilhali baraza la mawe kivulini hubaki baridi. Tena Mkunguni ni padogo, na punda, wachuuzi na wacheza bao wamekwisha kupajaza. Mji Mkongwe wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Kupanua uwanja si jambo la kufikirika.

Halafu kuna wezi. Desemba 2005, kazi nyingine ya Moore, yenye uzito wa zaidi ya tani mbili, iliibwa Hertfordshire, Uingereza, na polisi waliamini iliyeyushwa ikauzwa kama chuma chakavu. Kwetu Kenya, Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Wa kwanza kuogopa wizi atadai ua wa senyenge. Hapo mimi nakataa kabisa, maana shaba iliyozungushiwa ua ni siwa ya pili.

Bila ua, pwani, karibu na mti wenye kivuli kipana, ikisubiwa na mafundi wa huku huku, naikubali kwa moyo wote. Nilimweleza mzee hivyo. Alinyamaza kitambo, akasogeza kete yake, kisha akauliza, "Huegemeka?"

Huegemeka, nikamwambia, baada ya alasiri.