Kompyuta Inasema Uongo

Kikundi chetu kiko Busia, upande wa Uganda, na kinauza mukene, yaani dagaa. Vuka mpaka kidogo tu, samaki huyo huyo anaitwa omena. Kwa hiyo mambo ya kitu kimoja kuonekana viwili tulikuwa nayo hata kabla ya kompyuta.

Kompyuta niliileta mimi. Nilitoka Kampala kwenye mafunzo ya wiki tatu ya R, lugha ya takwimu iliyoanzishwa New Zealand na Ross Ihaka na Robert Gentleman, nikarudi nyumbani salamu zangu zimekuwa fupi. Mwenyekiti akanivuta kando. Daftari la ghala anaandika Hajati peke yake, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kulikagua. "Likague kitaalamu," akaninong'oneza.

Daftari lina safu tatu: asubuhi, jioni, jumla. Nikaingiza siku tisini, kisha nikaandika mstari mmoja nilioupenda kama mtoto wangu wa kwanza: asubuhi + jioni == jumla, yaani je, ukijumlisha asubuhi na jioni unapata ile jumla? Majibu yakamwagika, TRUE, TRUE, FALSE, TRUE, FALSE... FALSE ishirini na saba! Nikatoa jumla kwenye kilichoingia ili nijue kimepotea kiasi gani. Siku moja ikaonyesha 4.440892e-16. Nyingine, 2.000000e+00. Hiyo mikia ya mwisho sikuijali. Nadhani ilifundishwa saa niliyokuwa nje nakula roleksi, ile chapati ya mayai. Mimi nikasoma: kilo nne na ushee, na kilo mbili. Nikaanza na wizi mkubwa.

Mkutano ulikuwa chini ya mwembe. Nikasimama na kompyuta mkononi kama shehe na msahafu.

"Ndugu wanachama, siku ishirini na saba kompyuta inasema uongo."

"Hata mimi nilidhani hivyo," akajibu Hajati.

Watu wakacheka. Nikafafanua kwamba FALSE maana yake ni uongo, ila uongo huo uko kwenye daftari. Hajati akavaa miwani yake taratibu, akaomba siku moja tu. Nikamsomea: asubuhi 1.1, jioni 2.2, jumla 3.3.

"Moja nukta moja na mbili nukta mbili ni ngapi, mwanangu?"

"Tatu nukta tatu, Hajati."

"Na mimi nimeandika ngapi?"

"Tatu nukta tatu."

"Na nimeiba ngapi?"

"Kilo nne nukta nne."

Kimya. Siku hiyo ilikuwa ya mbalamwezi, na kila mtu pale anajua mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi uking'aa, mitumbwi inarudi mitupu. "Zimeingia kilo tatu," akasema, "nikaiba nne. Hiyo ya nne niliifuata ziwani Majanji kwa kuogelea?"

Sitasimulia yaliyofuata. Mtoto wa jirani bado ananiita Nne Nukta Nne.

Usiku nikakaa na ile mashine tukaelewana. Kumbe inahesabu kwa mbilimbili, kwa sufuri na moja tu, na humo 1.1 haina mwisho, kama vile ukigawia watoto watatu shilingi kumi. Inakata mahali, na kile kipunje kilichokatwa kinabaki kuleta fitina. Ndani, jumla yake ni 3.3000000000000003; kwenye kioo R inakuonyesha tarakimu saba tu, unaona 3.3 na 3.3 na unaambiwa si sawa. Mkia e-16 ulimaanisha sufuri kumi na tano baada ya nukta kabla hujaikuta hiyo nne. Wizi wa Hajati haukutosha hata jicho la mukene mmoja.

Dawa ni all.equal, amri ya R inayosamehe tofauti ndogo, takriban 1.5e-8 kwa kulinganisha na ukubwa wa namba zenyewe. Nayo ina tabia yake. Vitu vikiwa sawa inajibu TRUE. Visipokuwa sawa haisemi FALSE, inaanza kukueleza, kama mume aliyeulizwa kama mshahara umeingia. Niliiweka ndani ya if, amri ya "kama" inayotaka TRUE au FALSE tu, programu ikafika siku moja ikagoma katikati. Nikaifunga kwa isTRUE, ikatulia: maelezo yoyote ni FALSE.

Siku ishirini na sita zikasafika. Ikabaki ile moja iliyogomesha programu: asubuhi 12.5, jioni 9.5, jumla 20. Hizo ndizo zile kilo mbili nilizoziona ndogo. Nikaenda ghalani asubuhi na mapema, nikiwa na sukari kilo moja ya kuomba radhi. Hajati akafungua ukurasa. Pembeni, mahali ambapo mimi sikuweka safu, palikuwa na mwandiko wake mzuri: "Mwenyekiti, kilo 2, mgeni wa ghafla, atalipa."

Nikampelekea Mwenyekiti. Akatazama kioo muda mrefu, akafunga mlango.

"Kijana, huo msamaha wa kompyuta," akasema, "hauwezi kufika kilo mbili?"