Bomba la mafuta limepona, fedha zifike Melut

Bomba linalopeleka mafuta ya Sudan Kusini baharini kupitia Sudan lilipopasuka 2024, makala moja ilisema likitengenezwa, mapato ya Sudan Kusini yatarejea. Sawa, lakini yatarejea kwa nani? Mafuta ya Paloch, eneo la visima katika kaunti ya Melut, yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama samli, hivyo lazima yapashwe moto na kusukumwa bila kusimama hadi Port Sudan, zaidi ya kilomita 1,300. Februari 2024 vituo vya pampu kwenye eneo la vita nchini Sudan vilikosa dizeli. Mafuta yakaganda, shinikizo likapanda, bomba likapasuka. Kulitengeneza mafundi waliweza, na mafuta yakaanza kusukumwa tena 2025.

Kugawa fedha ndiko kugumu. Kuna sheria ya Sudan Kusini ya 2013 inayotenga asilimia 2 ya mapato halisi ya mafuta kwa majimbo yanayozalisha mafuta na 3 kwa jamii za huko. Serikali itangaze kila mwezi kiasi kilichofika Melut. Wenyeji ndio wanaoachiwa maji machafu ya visima vya mafuta, wana kila sababu ya kukasirika.