Thamani chaguo-msingi za safu: tuzisome wapi?

Ukiingiza rekodi katika jedwali bila kujaza safu (column) fulani, hifadhidata huweka thamani chaguo-msingi iliyoandaliwa: tarehe ya leo, sifuri, au "TZS". Aliyerithi mfumo wa wenzake lazima siku moja aulize thamani hizo zimeandikwa wapi, na hapo wataalamu hugawanyika: kambi moja husoma skima ya kiwango, iliyo ya pamoja kwa mifumo mingi, nyingine husoma katalogi za ndani, yaani orodha ambamo kila mfumo hutunza habari zake kwa namna yake.

Kambi ya kwanza humwelekeza INFORMATION_SCHEMA.COLUMNS, orodha ya safu zote za hifadhidata, asome humo COLUMN_DEFAULT. Wana hoja nzito. Skima hiyo imo katika kiwango cha SQL, lugha ya hifadhidata, tangu 1992, na mifumo ya PostgreSQL, MySQL na SQL Server yote inaijibu. Oracle imejitenga: huko utasoma DATA_DEFAULT katika ALL_TAB_COLUMNS, ya aina kongwe ya data iitwayo LONG, ambayo hata kuichuja kwa sharti la WHERE haikubali.

Lakini kufanana huko ni kwa juu juu. Kwenye MySQL, COLUMN_DEFAULT ikiwa NULL (yaani hakuna thamani), huenda safu imepewa NULL makusudi, au haikupewa chochote. Tangu toleo 8.0.13 thamani inaweza kuwa fomula, na huwezi kutofautisha fomula uuid(), inayozalisha kitambulisho cha kipekee, na maandishi "uuid()" mpaka uangalie safu ya EXTRA kama ina DEFAULT_GENERATED.

Kwenye SQL Server ndiko mambo yanakuwa mazito. Humo thamani chaguo-msingi ni kizuizi (constraint) chenye jina lake. Usipokipa jina, mfumo hujitungia: DF__, vipande vya jina la jedwali na la safu, kisha herufi na tarakimu ambazo hazitafanana kwenye seva ya majaribio na ile ya kazi. Ukitaka kufuta safu, utakataliwa mpaka kizuizi kiondoke kwanza, na jina lake INFORMATION_SCHEMA haikupi. Liko katika katalogi ya ndani, sys.default_constraints.

Hivyo kambi ya katalogi za ndani inashinda? Si bure. Katalogi hizo ni mali ya mtengenezaji, naye hubadilisha atakavyo. PostgreSQL 12, mwaka 2019, iliondoa safu ya adsrc kwenye pg_attrdef, katalogi yake ya thamani chaguo-msingi. Skripti zilizoitegemea zikakwama, ikabidi zitumie kitendakazi (function) pg_get_expr.

Kwa ripoti ya kusoma tu, mimi ningetumia skima ya kiwango bila wasiwasi. Ila wengi wanaotafuta thamani hizi wanataka kuzibadilisha, na kwao katalogi ya ndani haikwepeki. Kwa SQL Server, afadhali skripti ilisake jina la kizuizi kila inapoendeshwa kuliko kulinakili kutoka seva ya majaribio.